Miji Saba, Vilima vya Wote

Upande wa mashariki wa Ghuba ya San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, miji imepangana kando ya maji kama shanga katika uzi. Mgeni anayetoka Albany kuelekea kusini hupita Berkeley, kisha Emeryville, kisha Oakland, akaendelea hata San Leandro bila kuona shamba wala pori la kutenganisha mji na mji. Nyumba hushikana na nyumba, na mara nyingi ni kibao cha barabarani tu kinachomjulisha kwamba amevuka mpaka. Lakini akiinua macho upande wa mashariki, huona jambo asilolitazamia. Nyuma ya miji hiyo yote imesimama safu ndefu ya vilima vyenye nyasi, misitu na makorongo. Nyumba zimeupanda mteremko hadi mahali fulani, kisha zikakoma kana kwamba zimepewa amri.

Kwa hakika amri ilitolewa. Haikutolewa na mfalme wala na tajiri, bali na wananchi wenyewe wa miji saba, kwa kura, katika mwaka ambao wengi wao hawakuwa na kazi. Habari ya amri hiyo yafaa kusimuliwa, kwani kuna miji mingi duniani inayokua hadi kugusana, na kila mji ukadhani kwamba ardhi iliyo katikati ni ya kumezwa na yule atakayewahi.

Kisa chenyewe kilianza kwa maji. Kwa miaka mingi vilima hivyo vilikuwa mali ya kampuni binafsi iliyokinga mvua katika mabwawa na kuwauzia wakazi maji. Mwaka 1923 wananchi walipiga kura kuunda shirika la umma la maji, na mwaka 1928 shirika hilo likainunua kampuni pamoja na ardhi yake, kiasi cha ekari 40,000. Mwaka 1929 maji ya Mto Mokelumne yalifika kwa mabomba kutoka milima ya Sierra Nevada, safari ya zaidi ya kilomita 130. Kuanzia hapo haikulazimu tena kukinga kila tone lililoanguka juu ya vilima, na ekari zipatazo 10,000 zikahesabiwa kuwa ziada. Ziada huuzwa, na wanunuzi wa viwanja walikuwa tayari.

Hapo ndipo baadhi ya raia waliposhtuka. Walifahamu kwamba vilima vikishakatwa viwanja, hakuna mji wowote utakaoweza kuvirudisha. Walifahamu pia kwamba hakuna mji mmoja uliokuwa na uwezo wa kuvinunua peke yake. Oakland ulikuwa mkubwa, lakini korongo moja lilianza katika mji huu na kumalizikia katika mji mwingine. Alameda ni kisiwa, hauna hata kilima kimoja. Piedmont umezungukwa na Oakland pande zote. Kila mji ungeweza kusema, "Hilo si langu," na kila mji ungekuwa umesema kweli; na katika kusema kweli huko vilima vyote vingekwisha.

Mwaka 1930 ilitolewa ripoti ya wataalamu, iliyoandaliwa na ofisi ya Olmsted Brothers, mabingwa wa kupanga bustani za miji, pamoja na Ansel Hall wa idara ya hifadhi za taifa. Ripoti ilishauri ardhi ile iwekwe pamoja na kutunzwa kama hifadhi moja kwa faida ya miji yote. Wananchi wakaliomba shirika la maji liibebe kazi hiyo, lakini wakurugenzi wake hawakukubali. Ikawa lazima kutafuta njia nyingine, na mwaka 1933 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuiruhusu miji kuunda shirika lao la hifadhi, lenye bodi ya kuchaguliwa na lenye haki ya kutoza kodi.

Msomaji na aitazame vizuri tarehe iliyofuata: tarehe 6 Novemba 1934. Ulikuwa wakati wa ule Mdororo Mkuu wa uchumi. Viwanda vilikuwa vimefungwa, mabenki yalikuwa yameanguka, na watu walipanga foleni kwa ajili ya mkate. Siku hiyo wakazi wa Alameda, Albany, Berkeley, Emeryville, Oakland, Piedmont na San Leandro waliulizwa kama wako radhi kujitoza kodi mpya, isiyozidi senti 5 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, ili kulinda vilima ambavyo wengine hawakuwahi hata kuvikanyaga. Zaidi ya theluthi mbili walijibu ndiyo. Wilaya jirani ya Contra Costa haikuingia. Wakulima wake waliiogopa kodi, na ilichukua miaka thelathini, hadi mwaka 1964, wilaya hiyo ilipojiunga.

Bodi ya kwanza ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti alikuwa Charles Lee Tilden, mwanasheria na mfanyabiashara, aliyekuwa meja katika vita vya mwaka 1898 baina ya Marekani na Hispania. Alikuwapo Aurelia Reinhardt, mwanamke aliyeongoza chuo cha wanawake cha Mills. Alikuwapo Thomas Roberts, kiongozi wa wafanyakazi. Na alikuwapo mwanasheria Leroy Goodrich. Wa tano alikuwa August Vollmer, na huyu yafaa askari polisi wamjue.

Vollmer naye alikuwa askari katika vita ile ile. Aliporudi alifanya kazi ya kupeleka barua, hadi wakazi wa Berkeley walipomchagua mwaka 1905 kusimamia ulinzi wa mji wao. Mwaka 1909 akawa mkuu wao wa kwanza wa polisi. Aliwapandisha askari wake baiskeli, kisha pikipiki na magari. Aliwahimiza wasome chuo kikuu, na alipinga desturi ya kuwapiga watuhumiwa ili wakiri. Alistaafu mwaka 1932, na miaka miwili baadaye akaitumikia bodi ya vilima. Leo kilele kimoja cha safu hiyo, chenye urefu wa mita zipatazo 580 juu ya bahari, kinaitwa kwa jina lake. Si polisi wengi duniani ambao kumbukumbu yao ni mlima.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bodi haikutosheka na kura. Ilikwenda kuitafuta hati. Mwaka 1936 ililinunulia umma ekari 2,166 kutoka kwa shirika la maji, na hifadhi tatu za kwanza zikapatikana. Iliyo kubwa kati ya hizo, katika korongo la Wildcat, ilipewa jina la Tilden. Kazi ya mikono ilifanywa kwa sehemu kubwa na vijana wa kikosi cha uhifadhi kilichoundwa na Rais Roosevelt mwaka 1933. Vijana hao waliishi katika kambi zilizosimamiwa na maofisa wa jeshi. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na takriban 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Walikata njia, walijenga kuta za mawe, walichimba na kupanda. Hivyo pesa za vilima zililisha familia mijini, na jasho la vijana likabaki vilimani.

Mgeni anayepanda leo hifadhi ya Tilden huingia bila kulipa kiingilio. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa Mei hadi Oktoba, nyasi hukauka zikawa rangi ya dhahabu, na ukungu mzito hupanda kutoka ghubani jioni. Mvua huja wakati wa baridi, na vilima hugeuka kijani kwa miezi kadhaa. Familia hubeba nyama zikachoma kwenye meko ya hifadhi. Kwa watoto kuna garimoshi dogo la mvuke, farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki, na shamba dogo lenye ng'ombe, mbuzi na nguruwe ambako mtoto aliyezaliwa ghorofani hujifunza kumlisha mnyama majani ya saladi kwa mkono wake. Barabara moja ya hifadhi hufungwa kwa magari kuanzia Novemba hadi Machi, ili wanyama wadogo wenye mkia, wa jamii ya chura, waivuke salama kwenda kuzaliana.

Upande wa kusini zaidi iko hifadhi yenye msitu wa miti mirefu ya mbao nyekundu, ambayo sasa ina jina la Reinhardt. Miti ya zamani ilikuwa mikubwa kiasi kwamba manahodha walioingia ghubani waliitumia kama alama ya kuongozea vyombo. Yote ilikatwa katikati ya karne ya 19. Hii iliyopo ilichipua kutoka katika visiki.

Hata hivyo, kulinda ardhi si jambo la kufanywa mara moja likaisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa mbao walijaza sehemu za vilima hivyo mikaratusi, mti ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu vyema. Mbao hazikufaa, na miti ikabaki. Jumapili tarehe 20 Oktoba 1991 moto uliodhaniwa kuzimwa siku iliyotangulia ulifufuka kwa upepo mkavu katika mitaa ya vilimani ya Oakland, ukavuka hadi Berkeley. Watu 25 walikufa na makazi zaidi ya 3,000 yaliteketea. Zimamoto wa miji jirani walikuja mbio kusaidia, lakini mipira yao ya maji haikuingia katika mabomba ya Oakland, kwa sababu vipimo vya viungio vilikuwa tofauti. Miji iliyoweza kushirikiana katika kununua msitu haikuwa imekubaliana juu ya upana wa kiungio cha bomba.

Somo hilo lilikuwa chungu, nalo halikupuuzwa. Baada ya moto ule, miji, shirika la hifadhi, shirika la maji na chuo kikuu walianzisha baraza la kukutana mara kwa mara juu ya hatari za vilimani. Mikaratusi hupunguzwa, na ng'ombe na mbuzi huachiwa kula nyasi kabla hazijawa kuni. Shirika lina polisi wake na zimamoto wake, ambao hawasimami mpakani kuuliza moto ni wa mji gani.

Shirika lililoanza na hifadhi tatu sasa lina zaidi ya 70, zenye jumla ya zaidi ya ekari 120,000. Wananchi wameulizwa tena zaidi ya mara moja kama wanataka kuendelea kulipa. Mwaka 1988 waliidhinisha mkopo wa dola milioni 225, na mwaka 2008 wakaidhinisha wa dola milioni 500. Wengi waliopiga kura hizo hawakuwa wamezaliwa mwaka 1934. Walikuta vilima vipo, wakaonelea si haki kuwaachia wajukuu wao pungufu ya walivyoachiwa wao.

Ndugu msomaji, kila mji una mipaka iliyochorwa ofisini. Maji ya mvua hayaisomi mipaka hiyo, moto hauisomi, wala mtoto anayetafuta mahali pa kukimbia haijui. Miji saba ya Ghuba ya San Francisco haikuipenda ardhi yao kuliko watu wengine wanavyoipenda yao. Ilichofanya ni kukubali, kila mmoja, kutoa sehemu ndogo ya mamlaka yake na ya mfuko wake, na kuiandika ahadi hiyo katika sheria wakati vilima bado vilikuwa vitupu. Kama wangengoja hali ya uchumi itengemae, wangekuwa na pesa za kununulia vilima, lakini vilima vyenyewe wangevikuta vimekwisha jengwa.