Jinsi Ngano Ilivyotoka Nyumbani Kwetu

Nilikulia Korogwe, mkoani Tanga, katika nyumba ambayo ngano ilikuwa chakula cha sikukuu. Chapati zilisukumwa Idi, na sisi watoto kila mmoja alihesabiwa zake. Asubuhi za kawaida tulikunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu au kiporo cha wali. Mkate wa dukani ulikuja na mgeni. Nilipoolewa na kuhamia Dar es Salaam, mambo yaligeuka taratibu bila mtu kukaa chini na kuamua. Ofisini chai ya saa nne ilikuwa na chapati. Watoto walipewa hela ya andazi shuleni. Jioni ukirudi umechoka, unachemsha tambi. Kufikia mwaka 2018 ngano ilikuwa mezani kwetu asubuhi, mchana na usiku, na sote tuliona hayo ndiyo maisha ya mjini.

Kisha binti yetu akaanza kudhoofika. Tumbo lilijaa, alikuwa akiharisha mara kwa mara, damu ilipungua, na sare ya shule aliyovaa akianza darasa la kwanza iliendelea kumtosha wakati wenzake wameshabadilisha. Tulitibu minyoo, tukatibu amiba, tukatibu tena minyoo. Mwaka 2019 daktari mmoja wa watoto aliagiza kipimo cha damu cha kingamwili, na baadaye binti akaingizwa kamera hadi kwenye utumbo mwembamba na kuchukuliwa kinyama. Jibu likawa siliaki. Daktari alitueleza kwa utulivu: gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, mwili wa mtoto huyu ukiipata, unashambulia utumbo wake wenyewe, na vile vinyweleo vinavyonyonya chakula vinasawazika. Kidonge hakuna. Dawa ni kuacha nafaka hizo maisha yote, na kuziacha kabisa. Alitusisitizia pia jambo ambalo huwa namwambia kila mzazi anayeniuliza: usimwachishe mtoto ngano kabla ya vipimo, maana majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Siku ileile tulipitia supamaketi moja kubwa upande wa Masaki. Rafu ya vyakula visivyo na gluteni ilikuwa fupi, imebanwa pembeni ya vyakula vya wenye kisukari. Mkate mdogo uliosafiri kutoka Ulaya ulikuwa na bei ya kilo nne za mchele mzuri wa Kyela. Tambi, biskuti, unga wa keki, vyote vilikuwa hivyohivyo, pakiti ndogo na bei kubwa. Tulinunua, kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa na sisi tuliogopa. Kwa miezi kadhaa tuliishi hivyo. Ada ya kaka yake ilichelewa, mchezo wa akina mama niliokuwa nacheza kazini nikajitoa, na bado mtoto alikuwa anapewa kipande kimoja cha mkate asubuhi ili pakiti ifike Ijumaa.

Shemeji yangu anaishi Reading, Uingereza. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba kule mgonjwa wa siliaki wakati ule aliweza kuandikiwa mkate na unga na daktari, ingawa mwaka 2018 England ilikuwa imepunguza orodha ya vyakula hivyo ikabaki mikate na michanganyiko ya unga tu. Italia serikali humpa mgonjwa kiasi cha fedha kila mwezi kwa ajili ya vyakula hivi. Huku kwetu gharama yote ni ya mzazi. Shemeji akija likizo alikuwa anatuletea sanduku zima, na lilipokwisha tulirudi Masaki.

Mabadiliko yalianzia kwenye pakiti. Mume wangu alikuwa ameshika ule mkate, anasoma maandishi madogo ya nyuma: unga wa mchele, wanga wa mahindi, wanga wa tapioka. Tapioka ni wanga wa muhogo. Akaniuliza, "Mke wangu, hivi hapa tunachonunua si muhogo na mchele?" Mama yake, ambaye ni mtu wa Pemba na wakati ule alikuwa amekuja kumuuguza mjukuu, alisikia akiwa jikoni. Akasema, "Kwani mkate wa kumimina una ngano, mwanangu?"

Hauna. Ni mchele uliolowekwa, tui la nazi, sukari, hamira na iliki. Kitumbua nacho hakina. Bajia za kunde hazina. Chila hazina, wala muhogo wa nazi, ndizi za nazi, ugali wa aina zote zetu, uji wa ulezi, kashata. Tulikaa pale tukihesabu, na kila tulichokitaja mama alikuwa amekila utotoni.

Nilipomweleza daktari, alinisimulia historia ambayo naipenda hadi leo. Mwaka 1924 daktari wa New York aitwaye Sidney Haas aliandika kwamba amewaponya watoto wenye siliaki kwa kuwalisha ndizi. Watoto walipata nafuu kweli, na kwa miaka mingi watu waliamini ndizi ndiyo dawa. Halafu Mholanzi Willem Dicke akaonesha kwamba tatizo ni ngano. Alikuwa ameanza kuishuku kabla ya Vita Kuu ya Pili, na katika baa la njaa la Uholanzi la mwaka 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, madaktari waliona watoto wenye siliaki wakipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Kumbe wale watoto wa Haas walipata nafuu kwa kile ambacho hakikuwa kwenye sahani. Nilitoka pale nimeelewa kwamba mwanangu hahitaji mkate wa kuigiza mkate. Anahitaji chakula ambacho hakikuwa na ngano tangu mwanzo, na hicho kimejaa masokoni kwa bei ya sokoni.

Hapo nikakutana na ugumu ambao rafu ya Masaki ilikuwa imenifichia: mashine ya kusaga. Kiwango cha kimataifa ni kwamba chakula kisichokuwa na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gramu mbili hivi au zaidi, yaani miligramu 2,000. Nilisimama kwenye mashine ya mtaani kwetu na debe langu la ulezi, nikatazama. Aliyenitangulia alikuwa amesaga ngano. Vumbi jeupe lilikuwa limetanda kwenye nyaya, kwenye utando wa buibui juu ya dirisha, kwenye kope za yule kijana anayesaga. Nilimuuliza kama anaweza kunisafishia kwanza. Alinijibu kwa uungwana, "Mama, nitakufagilia, lakini ndani kule hakufagiliki." Nikalirudisha debe langu nyumbani. Unga wa lishe wa pakiti nao niliuacha: mwingi nilioukuta madukani unachanganywa na ngano, na mzazi asiyesoma anaweza kumlisha mtoto kila asubuhi akidhani anamjenga.

Mama mkwe alituvusha kwa vitu viwili. Mchele wa vitumbua aliuloweka usiku na kuusaga kwenye blenda pamoja na tui, haukuhitaji mashine. Unga mkavu aliutoa kwenye kinu. Aliloweka mchele, akauchuja, akautandaza kwenye kitambaa hadi ukabaki na unyevu kidogo tu, akautwanga na kuuchekecha. Chenga zilizobaki juu ya chekeche zilirudi kinuni. Unga wake ni laini kuliko wowote niliowahi kununua. Akanifundisha pia kuchambua. Ulezi na dengu za sokoni huwa na punje za ngano zilizopotea njia, kwa sababu magunia na sakafu ni zilezile. Punje ya ngano ina mfuo katikati, kutoka ncha hadi ncha, na ukiiviringisha kwa kidole unausikia. Binti yangu aliujua mfuo huo kabla hajajua kusoma saa vizuri, na hadi leo ungo ukiwa mikononi mwake mimi naondoka bila wasiwasi.

Lakini kinu hakiwezi kulisha familia ya mjini kila siku. Kliniki nilikutana na mama mwingine ambaye mwanawe ana tatizo hilohilo, tukachangiana kununua mashine ndogo ya umeme, ikakaa kwenye stoo yetu. Ilikuwa fedha nyingi kwa mara moja, na nilisita. Nilipolinganisha na tulichokuwa tukiacha Masaki, mashine ilikuwa imejilipa kabla ya mwaka kwisha. Sharti lake ni moja, ngano haivuki geti. Majirani wanaleta mahindi na mtama, tunapitisha kwenye ungo kwanza, wanalipa kidogo, na hela hiyo inasaidia kununua umeme wa luku.

Kuanzia hapo manunuzi yetu yalihamia Tandale, kwenye soko la nafaka. Mchele na mahindi tunanunua kwa gunia baada ya mavuno, bei inapokuwa chini, tukigawana na yule mama mwenzangu. Tunahifadhi kwenye mifuko ya PICS, ile inayobana hewa wadudu wafe bila dawa. Viungo nanunua vizima na kusaga mwenyewe, pilipili manga, bizari, mdalasini, kwa kuwa vya unga hujui vimeongezwa nini. Na vizima kwa kipimo ni rahisi zaidi. Ndizi tunafuata Mabibo. Makopa ya muhogo yanatoka kwa ndugu Tanga. Muhogo una protini kidogo, kwa hiyo ugali wake hauendi mezani bila dagaa, kunde au maharage. Na ulezi nimeupa heshima ya kwanza, kwa sababu una kalisi nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, na mtoto ambaye utumbo wake ulikuwa haunyonyi anaihitaji.

Kitu kilichopunguza gharama kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa kuacha kupika vyungu viwili. Mwanzoni nilimpikia binti chake na sisi chetu: gesi mara mbili, sufuria mbili, na hofu ya mwiko kuchanganyika. Siku moja kaka yake akasema hataki chapati kama dada yake anatazama. Nikagawa kibao cha kusukumia, mwiko na chekeche vilivyokwisha kunywa ngano, nikanunua vipya, na nyumba nzima ikala chungu kimoja. Baba yao akitaka chapati ya ngano anakula kazini. Za nyumbani ni za unga wa mchele na wa muhogo: nausonga kwanza kwa maji yanayochemka mpaka ushikane, naukanda ungali moto, nasukuma juu ya nailoni iliyopakwa mafuta. Hazivutiki. Zikipoa zinakatika. Zikiwa moto na mchuzi wa nazi, wageni wanaongeza.

Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei ya ngano ilipanda, maana Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Maandazi ya mtaani yalipungua ukubwa na majirani walilalamika kila asubuhi. Sisi hatukuguswa na hilo. Mwishoni mwa mwaka mchele nao ukapanda, na hapo tuliguswa, ila gunia la mavuno lilikuwa bado nusu.

Sasa binti ana afya, urefu wake umenifikia, na vipimo vya damu vinarudi vizuri. Cha Masaki kilichobaki ni tambi peke yake, kwa ajili ya Ramadhani, kwa sababu anazipenda na nataka azile. Mwakani anaingia kidato cha kwanza na anataka bweni, kama binamu zake. Nilikuwa nimeshapanga shule ya kutwa. Tumekwenda naye kuiona shule, tukakaa na matroni, tukaisoma pamoja pakiti ya unga wa uji wao, na ngano ilikuwemo. Matroni amekubali aje na ulezi wake, na sufuria na mwiko wake vikae kabatini kwa kufuli. Wali, maharage na ugali wa pale havina shida, mradi upawa usitoke kwenye sufuria nyingine. Mpishi wa mchana ameelewa vizuri na ameuliza maswali mazuri. Wa zamu ya usiku alikuwa likizo, kwa hiyo tunarudi mwisho wa mwezi kuonana naye kabla sijalipa ada.