Kisiwa cha majina tisa

Chukua orodha ya darasa lako, msomaji mwanafunzi, uhesabu majina ya ukoo yaliyomo. Katika darasa la watoto arobaini jijini Nairobi au Mombasa si ajabu kupata majina thelathini na zaidi, na hata wale wenye jina moja aghalabu hawana udugu wowote. Sasa fikiria mahali ambapo majina yote ya ukoo ya wenyeji yanahesabika kwa vidole vya mikono miwili, na kidole kimoja kikabaki bila kazi.

Mahali hapo papo. Panaitwa Tristan da Cunha, kisiwa kilicho katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini, chini ya bendera ya Uingereza. Wenyeji wake ni takriban 240 tu, na majina yao ni tisa: Collins, Glass, Green, Hagan, Lavarello, Repetto, Rogers, Squibb na Swain. Kwa muda mrefu wa karne ya 20 yalikuwa saba. Collins na Squibb yaliongezeka baadaye.

Kila jina kati ya hayo lina asili yake inayojulikana, na nyuma ya karibu kila jina kuna mwanamume mmoja aliyeshuka kutoka merikebuni. Kwa hivyo kisiwa hiki ni kama daftari dogo ambamo tunaweza kusoma jinsi jina la ukoo linavyozaliwa, linavyoenea na linavyokufa.

Njia ya kufika

Huko hakuna uwanja wa ndege. Anayetaka kwenda hana budi kupanda meli mjini Cape Town, Afrika Kusini, na kusafiri kilomita zipatazo 2,800 kwa muda wa wiki moja hivi. Safari zenyewe ni chache kwa mwaka. Isitoshe, bandari ni ndogo mno, na bahari ikichafuka meli hulazimika kungoja nje huku abiria wakikitazama kisiwa bila kukikanyaga. Jirani wa karibu ni kisiwa cha St Helena, umbali wa zaidi ya kilomita 2,400, yaani kama mara tano ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Mgeni sharti apate kwanza idhini ya Baraza la kisiwa.

Akishafika, macho yake hukutana na mlima wa volkano wenye kimo cha mita 2,062. Chini yake, kwenye kipande cha ardhi tambarare, kimekaa kijiji cha pekee, Edinburgh of the Seven Seas, kilichopewa jina hilo kwa heshima ya Mwanamfalme Alfred, Mtawala wa Edinburgh, aliyezuru mwaka 1867. Kina shule, makanisa mawili, hospitali, duka na baa. Wenyeji hulima viazi, hufuga ng'ombe na kondoo, na huvua kambakoche wanaouzwa ng'ambo.

Mreno aliyepita

Jina la kisiwa chenyewe linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, tena kwa ubaya. Tristão da Cunha alikuwa nahodha Mreno aliyeondoka Lisbon mwaka 1506 akiongoza msafara wa merikebu kwenda Bahari Hindi. Akiwa njiani alikiona kisiwa hicho kwa mbali, akakipa jina lake, akapita. Alipofika pwani yetu aliushambulia mji wa Hoja, kaskazini mwa Malindi. Watu wa Lamu, kwa kuogopa yaliyowapata wenzao, wakakubali kulipa ushuru. Kisha akaenda kuuteketeza mji wa Barawa, ulio katika nchi ya Somalia ya leo.

Hivyo mtu ambaye jina lake limeandikwa katika kila ramani ya dunia hakuacha mtoto wala mjukuu katika kisiwa hicho. Majina ya watu yaliletwa na wengine kabisa.

Koplo akataa kurudi

Mwaka 1815 Waingereza walimfunga Napoleon, aliyekuwa Mfalme Mkuu wa Ufaransa, katika kisiwa cha St Helena. Mwaka uliofuata, wakihofia kwamba Wafaransa wangeweza kukitumia Tristan kumtorosha, walituma huko kikosi cha askari kutoka Cape. Kikosi hicho kiliondolewa mwaka 1817. Koplo mmoja, William Glass, mzaliwa wa Kelso huko Scotland, aliomba ruhusa abaki na mkewe, Maria Leenders wa Cape, pamoja na watoto wao. Waashi wawili, Samuel Burnell na John Nankivel, wakaungana naye.

Watu hao waliandikiana mkataba wa ajabu kwa enzi hizo: mali iwe ya wote kwa sehemu sawa, na pasiwe na mkubwa juu ya mwenzake. Hata leo ardhi ya kisiwa ni ya jamii nzima, na mtu wa nje hawezi kununua kiwanja.

Burnell na Nankivel hawakukaa sana. Walipoondoka, majina yao yaliondoka nao. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Cotton na Riley, mabaharia waliokuja miaka michache baadaye, wakaoa na kuzaa, lakini majina yao hayapo tena kisiwani. Thomas Swain, Mwingereza wa Hastings, alifika katika miaka ya 1820, na jina lake limedumu hadi sasa.

Majina ya merikebu zilizovunjika

Mwaka 1836 merikebu iitwayo Emily ilivunjika hapo. Miongoni mwa walionusurika alikuwamo Mholanzi wa Katwijk aliyeitwa Pieter Groen. Alibaki, na kwa kuwa majirani zake walisema Kiingereza, Groen likawa Green. Rogers na Hagan waliletwa na Wamarekani waliokuwa wavuvi wa nyangumi.

Kisha jamii ikayumba. Glass alifariki mwaka 1853, akiwa amejaliwa watoto 16, wa kiume wanane na wa kike wanane. Mtu angedhani mwenye wana wanane amekwisha kulilinda jina lake. Lakini mwaka 1856 kundi kubwa la jamaa yake lilihamia New London, Marekani. Mwaka uliofuata watu wengine 45 wakaondoka kwenda Cape. Waliobaki kisiwani walikuwa 28 tu.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Novemba 1885. Wanaume 15 waliingia katika mashua kwenda kuikuta meli iliyokuwa ikipita, wakitarajia kubadilishana bidhaa kama ilivyokuwa desturi. Hakurudi hata mmoja. Kwa kijiji cha watu wapatao mia moja, hao walikuwa karibu wanaume wote wenye nguvu, na kisiwa kikabaki cha wajane na mayatima.

Miaka saba baadaye, Oktoba 1892, meli ya Kiitaliano iliyoitwa Italia, ikiwa imebeba makaa ya mawe yaliyoshika moto, ilipandishwa ufukweni ili mabaharia waokoke. Wawili kati yao, Andrea Repetto na Gaetano Lavarello, wote wa mji wa Camogli karibu na Genoa, wakakataa kuondoka. Wakaoa hapo hapo. Hospitali ya kisiwa huitwa Camogli hadi leo kwa kumbukumbu yao.

Hesabu ya bahati nasibu

Kwa nini basi Repetto likadumu na Cotton likatoweka? Je, ni ubora wa ukoo? La hasha. Wasomi wawili wa Uingereza, Francis Galton na Henry Watson, walilichambua suala hili mwaka 1874. Galton alitaka kujua kwa nini majina ya watu mashuhuri yalikuwa yakipotea. Jawabu lilikuwa katika hesabu tu.

Hebu tujaribu wenyewe. Tuchukue jina linalorithiwa kwa baba peke yake, na tuseme kila mtoto ana nafasi sawa ya kuwa wa kiume au wa kike. Baba mwenye watoto wawili ana nafasi moja kati ya nne ya kupata mabinti watupu. Ikiwa yeye ndiye wa mwisho mwenye jina hilo, basi jina limo hatarini kwa kiwango hicho hicho katika kizazi kimoja tu. Wakiwa akina baba wanne wenye jina moja, kila mmoja na watoto wawili, nafasi ya wote kukosa mwana inashuka hadi moja kati ya 256. Jina lenye watu wengi hujikinga lenyewe. Jina lenye watu wachache huishi kwa kudra, na mashua moja ikizama, au familia moja ikihama, limekwisha.

Gawanya watu 240 kwa majina tisa, upate wastani wa watu 27 kwa kila jina, wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume. Wengine kati yao ni wazee, na wengine ni vijana wanaokwenda ng'ambo kwa masomo au kazi ambao huenda wasirudi. Bila shaka sasa umeona jinsi uzi wenyewe ulivyo mwembamba.

Majina ya kina mama

Lakini kuna upande wa pili ambao orodha ya majina huuficha. Mwaka 1827, wanaume watano makapera wa Tristan walimwomba nahodha mmoja awatafutie wake huko St Helena. Akarudi na wanawake watano waliokubali kwenda kuolewa na watu wasiowajua, katika kisiwa ambacho hawakuwahi kukiona. Inasimuliwa kwamba Swain aliapa kumwoa wa kwanza kukanyaga ufuko, na akatimiza.

Mwaka 1908 walifika dada wawili kutoka Ireland, wa ukoo wa Smith, wakiwa wameolewa na wanaume wa kisiwa. Smith ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini Uingereza. Huko Tristan halimo katika orodha. Repetto, jina la baharia mmoja wa Kiitaliano, limo.

Je, wanawake hao walipotea? Wataalamu wa elimu ya urithi wanasema sivyo. Uchunguzi wa nasaba na chembechembe za urithi unaonyesha kwamba wenyeji wa leo wanatokana na wahenga 15 tu waliotoka nje, wanaume wanane na wanawake saba, waliofika kati ya mwaka 1816 na 1908. Damu ya hao saba inatembea katika kila nyumba, japo hakuna anayeitwa kwa jina lao. Hata ugonjwa wa pumu, unaowasumbua wenyeji kwa wingi usio wa kawaida, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliufuatilia hadi kwa walowezi wachache wa mwanzo. Jina hufuata mlango mmoja, lakini urithi wa mwili huingia kwa milango yote.

Kura ya kurudi

Oktoba 1961 volkano ililipuka kando ya kijiji. Watu wote 264 walihamishwa wakapelekwa Uingereza. Huko walipata umeme, televisheni, kazi za mishahara na magonjwa ya mafua wasiyoyazoea. Wengi walidhani huo ndio mwisho wa kisiwa, na kwamba akina Lavarello na Hagan wangemezwa na mamilioni ya Waingereza kama chumvi katika maji. Desemba 1962 wakapiga kura: watu 148 walitaka kurudi, watano tu walitaka kubaki. Mwaka 1963 wengi wao wakawa wamerejea kwenye viazi vyao na upepo wao.

Zaidi ya miaka sitini imepita tangu kura hiyo. Watoto wa shule ni wachache, na wazee ni wengi. Ni wazi kwamba baadhi ya majina hayo tisa yanaweza kufutika kisiwani katika maisha ya watoto waliozaliwa huko leo, bila vita wala volkano, kwa sababu tu katika nyumba fulani walizaliwa mabinti, au kijana fulani alipata kazi Southampton.

Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Zipo jamii za Kenya ambazo mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na hivyo jina la mama mzaa baba au mama mzaa mama likarudi katika kila kizazi. Hata hivyo, katika miji yetu desturi ya jina moja la baba kwa familia nzima inazidi kushika mizizi, na vitambulisho na fomu za shule huipa nguvu. Jumapili ya leo, kabla ya meza kuondolewa, waulize wazazi wako: nyanya yako aliitwa nani kabla ya kuolewa, na nyanyake yeye je? Liandike jibu mahali ambapo halitapotea. Pengine utagundua kwamba katika kizazi cha pili tu, nusu ya majina yaliyokuleta duniani tayari hayajulikani na mtu yeyote mezani.