Aliuawa na Nani?

Mwalimu anayefundisha kauli ya kutendwa huanza, kama sote tulivyoanza, na mti uliokatwa na seremala, na chakula kilichopikwa na mama. Baadaye huwaeleza wanafunzi wake kwamba mtenda aweza kuachwa na sentensi ikabaki timamu: mti ulikatwa, chakula kilipikwa. Sisi pia tuliyasema hayo kwa miaka mingi pasipo kuyatafakari, mpaka tulipokutana na karatasi za wilaya moja ya Marekani, ambamo kuachwa kwa mtenda hakukuwa jambo la sarufi peke yake.

Wilaya hiyo ni Edgefield, katika jimbo la South Carolina. Ilikuwa nchi ya pamba. Mwaka 1860 wakazi wake walikaribia 40,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa watumwa. Tangu zamani ilikuwa na sifa ya damu. Mhubiri Mason Locke Weems, yule yule aliyewatungia Wamarekani kisa cha George Washington mtoto na shoka lake, aliandika vijitabu juu ya mauaji ya Edgefield na kuvichuuza mwenyewe safarini. Preston Brooks, mbunge aliyemshambulia Seneta Charles Sumner kwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti tarehe 22 Mei 1856, alikuwa mwana wa Edgefield. Lakini haya ni ya wakubwa, na yamekwisha andikwa katika vitabu vya historia. Yaliyotushika sisi ni ya wadogo, waliokufa mashambani, mekoni na kandokando ya vijito, wakaandikwa kwa kuwa walikufa.

Kazi ya koroneri, yaani mchunguzi wa vifo, ni kazi ya Kiingereza na ni ya kale sana. Asili yake yahesabiwa tangu mwaka 1194. Waingereza waliivusha bahari wakaipeleka Amerika, kama walivyokuja kuileta baadaye Uganda, Kenya na Tanganyika. Kifo cha ghafla, au chenye shaka, kilipotokea, koroneri alikusanya juri ya wanaume, na sheria ikawataka wautazame mwili wenyewe. Haikutosha kusimuliwa. Katika Edgefield ya karne ya 19 wanaume hao walikuwa wakulima weupe walioitwa kutoka mashamba ya jirani, na aghalabu hawakuwa na ujuzi wa utabibu. Walisimama karibu na maiti, wakapima jeraha kwa inchi, urefu wake na kina chake, wakawasikiliza mashahidi, kisha wakatamka marehemu alikufaje. Si vifo vyote vilivyokuwa vya kuuana. Yumo mtoto ambaye nguo yake ilishika moto mekoni, yumo mlevi aliyezama, yumo aliyepigwa na radi. Mtu asiyewahi kuandikwa popote katika uhai wake, ila labda kwa bei yake katika orodha ya mali ya bwana, hapa aandikwa kwa jina, na twaambiwa alikuwa amelala upande gani alipokutwa.

Ndipo yanapoanza maneno yaliyotusumbua. Juri iliyokuwa na hakika na mkono uliopiga ilimtaja mwuaji, na hata ikaongeza, kwa ada ya maandishi ya kisheria ya siku hizo, kwamba alifanya hivyo kwa kutokuwa na hofu ya Mungu na kwa kushawishiwa na shetani. Ilipoona hakuna wa kulaumiwa, ilitamka kwamba marehemu alikufa kwa kudra ya Mungu, au kwa ajali. Nasi tulipojaribu kuligeuza tamko hilo kwa lugha yetu, tulikumbuka kwamba ajali katika Kiswahili cha kale ndiyo saa ya kufa aliyoandikiwa mja, na kwamba maana ya gari kupinduka ni ya juzi juzi tu. Kwa hiyo neno moja letu labeba matamko mawili ya juri. Jambo hilo lingetufurahisha kama wanaisimu, lakini liko swali: ni nani aliyepewa haki ya kuamua kifo kipi ni cha Mungu na kipi ni cha mtu?

Kwa maana katika South Carolina mtumwa hakuweza kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Sheria ya mwaka 1740 ilimtoza aliyemwua mtumwa kwa kusudi faini ya pauni 700, na pauni 350 kama alimwua kwa hasira ya ghafla au kwa kumwadhibu kupita kiasi. Tena, ikiwa hapakuwa na mzungu aliyeshuhudia, aliyekuwa na mtumwa huyo aliweza kujitakasa kwa kiapo chake mwenyewe. Mwaka 1821 sheria ilibadilishwa, na kumwua mtumwa kwa kusudi kukawa na adhabu ya kifo. Ila aliyeua kwa hasira ya ghafla alibakiwa na faini na kifungo kifupi. Twaona basi kwamba shahidi mmoja tu ndiye asiyeweza kukatazwa kusema, naye ni maiti. Alama za mjeledi hazikuapishwa. Juri iliweza kuzihesabu, ikaziandika, na bado ikaishia kwa Mungu.

Hapa hatuna budi kumtaja mtu mmoja wa wilaya hiyo hiyo, mfinyanzi David Drake, aliyekuwa mtumwa. Mwaka 1834 sheria ya jimbo ilikataza watumwa wafundishwe kusoma na kuandika. Naye, kuanzia miaka hiyo ya 1830, alichora kwenye udongo mbichi wa mitungi yake tarehe, mashairi mafupi, na jina lake, Dave. Mitungi hiyo imo leo katika majumba ya makumbusho. Kila tunaposoma jina la mtumwa katika karatasi za koroneri, lililoandikwa na mkono wa mtu mwingine, humkumbuka huyu aliyejiandika yu hai.

Utumwa ulikoma mwaka 1865, lakini matamko hayakukoma. Katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, makundi ya watu yalipowatoa Weusi gerezani au majumbani na kuwatundika mitini, juri za Kusini zilizoea kutamka kwamba marehemu aliuawa na watu wasiojulikana. Yawezekana kundi lilikuwa la mamia, mchana kweupe, na majirani wakijuana kwa majina. Sentensi hiyo haimkosi mtenda, kama ile ya mti uliokatwa. Inaye, ameandikwa mahali pake baada ya kiunganishi, naye si mtu yeyote. Tangu tulipoiona tumeacha kuwaambia wanafunzi kwamba kumtaja mtenda ndiko kusema wazi.

Ilitokea mara moja, jirani kabisa, juri ikataja. Hamburg ulikuwa mji mdogo wa Weusi, zamani sehemu ya Edgefield, na tangu 1871 katika wilaya mpya ya Aiken. Tarehe 8 Julai 1876 wazungu wenye silaha, wengi wao kutoka Edgefield, waliwavamia askari wa mgambo Weusi wa mji huo. Mzungu mmoja aliuawa katika mapigano, na Weusi sita wakafa, baadhi yao wakiwa wamekwisha kamatwa. Majina yao ni James Cook, Allan Attaway, David Phillips, Hampton Stephens, Albert Myniart na Moses Parks. Aliyeongoza uchunguzi alikuwa Prince Rivers, hakimu wa mji, ambaye zamani alikuwa mtumwa mwendesha gari la farasi, kisha sajini katika jeshi la Muungano. Juri yake iliwataja wazungu zaidi ya 80. Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Matthew Butler, aliyewadai mgambo silaha zao siku ile, aliingia Seneti mwaka 1877. Benjamin Tillman, kijana wa Edgefield aliyekuwa miongoni mwa wavamizi, akawa gavana mwaka 1890, akamnyang'anya Butler kiti chake cha Seneti mwaka 1895, na hata uzeeni alijisifu hadharani kwa siku ile. Rivers alirudia kazi yake ya kuendesha gari la farasi, akafa mwaka 1887. Mwaka 1916 uliwekwa mnara kwa ajili ya yule mzungu mmoja.

Tuliyapeleka haya darasani, katika darasa letu la jioni la watu wazima hapa Bujumbura, si kwa kusudi la kufundisha historia ya Marekani, bali kwa zoezi. Tuliandika ubaoni matamko matatu, alikufa kwa kudra ya Mungu, aliuawa na watu wasiojulikana, na aliuawa na fulani, tukawataka wanafunzi waeleze tofauti. Vijana walijibu upesi. Mama mmoja, aliyepita miaka sitini, alinyamaza mpaka wengine walipomaliza. Kisha akauliza kama juri ile kweli iliuona mwili. Tulimjibu kwamba ndiyo, sheria iliwalazimisha. Akasema: "Basi hao walikuwa na bahati, Mwalimu." Baba yake, aliyekuwa mwalimu kama sisi, alichukuliwa mwaka 1972, na hapakuwa na mwili wala karatasi wala matanga.

Hatukuwa na la kusema. Tulishika chaki tukarudia somo, tukaandika kitenzi fiwa, ambacho tulikuwa tumekiweka kwa ajili ya wiki ijayo. Ni kauli ya kutendwa pia, lakini anayetendwa ni aliye hai, na ile "na" inayofuata haimtaji mwuaji, humtaja marehemu. Tuliwaomba kila mmoja atunge sentensi. Yule mama aliandika katika daftari lake: Nilifiwa na baba mwaka 1972. Alituita akaonyesha kwa kidole, akauliza kama inaruhusiwa kuisema hivyo, mtu asipokuwa ameletewa habari. Tuliisoma mara mbili, tukamwambia kwamba sentensi ni sahihi. Akaongeza jina la baba yake baada ya neno baba, akafunga daftari.