Kioo Kilaumiwe Mwisho: Wosia kwa Mjukuu Wangu

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Mjukuu wangu,

Macho yangu hayazioni tena pini za waya wa kioo, na mkono umeanza kutetemeka. Meza ya ufundi nakuachia wewe. Bisibisi na tochi utazikuta kwenye droo. Ninachokuusia ni namna ya kuikabili kompyuta mpakato iliyozima kioo, maana hapo ndipo fundi anapoweza kula fedha ya mtu bila hata kukusudia.

Kwanza, kioo kilaumiwe mwisho. Atakuja mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa ambaye video za onyesho lake zote zimo humo, au mwalimu wa Zinga anayetunga mitihani, na wote watakwambia, “Fundi, kioo kimekufa.” Usibishe, uliza. Mashine ilianguka? Ilimwagikiwa chai? Kioo kilizima ghafla au kilikuwa kikipepesa siku nyingi? Mwenye mashine anajua mengi kuliko anavyodhani.

Pili, anza na yasiyo na gharama. Chomoa chaji, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudishia na uwashe. Kama feni inazunguka na kioo ni giza, unganisha televisheni kwa waya wa HDMI na ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na P. Picha ikitokea huko, bodi inafanya kazi. Tafuta ugonjwa kwenye waya, kwenye mwanga wa nyuma au kwenye kioo chenyewe. Ikikosekana kote kuwili, toa ramu, isafishe, uirudishe vizuri. Ramu iliyolegea tu inatosha kuifanya mashine iwake bila picha.

Tatu, usiidharau tochi. Funga dirisha, isogeze karibu na kioo, ukimulike kwa mshazari huku mashine imewashwa. Ukiona maandishi hafifu, kama kivuli ndani ya maji, jua kioo bado kinachora na kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Mashine za zamani zilikuwa na taa ya mrija. Za sasa zina LED, na mara nyingine kosa lote ni fyuzi kwenye bodi, ndogo kuliko punje ya mchele.

Nne, chezesha mfuniko polepole. Mistari ikija na kutoweka kadiri unavyoukunja, utuhumu waya unaopita kwenye bawaba. Ikiwa ni Dell, shikilia herufi D huku ukiwasha. Kioo kitapitisha rangi moja moja bila kuitegemea Windows. Mistari ikibaki palepale kwenye rangi zote, au ukiona doa jeusi limetapakaa kama wino, hapo kioo chenyewe kimekwisha. Lakini kama kinapepesa ndani ya Windows tu, na kwenye BIOS kimetulia, usishike bisibisi. Shughulika na draiva kwanza.

Tano, kumbuka unakoishi. Upepo wa bahari unaingia na chumvi madukani mwetu, Kaole mpaka Mlingotini. Ukifungua soketi ya waya wa kioo, mara nyingi utakuta ukungu wa kijani juu ya shaba. Isugue taratibu kwa mswaki laini na spiriti, iache ikauke, ujaribu tena. Watazame wanaotengeneza majahazi ufukweni: chombo kikivuja, wanatafuta mshono na kuutia kalafati kabla ya kung’oa ubao. Na usiuguse waya huo kabla ya kuchomoa betri ya ndani. Mashine iliyozimwa bado ina umeme, na kuteleza kidogo kunaunguza ile fyuzi niliyokutajia.

Sita, ikibidi kununua, usiende Kariakoo na jina la mashine peke yake. Geuza kioo cha zamani, nakili namba iliyo mgongoni, hesabu inchi, tazama soketi ni ya pini 30 au 40 na iko upande gani. Mashine mbili za jina moja huweza kuwa na vioo viwili tofauti. Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 70. Nauli ya kurudisha kioo kisichoingia itatoka mfukoni mwako.

La mwisho ndilo zito. Mteja anaweza kuja na fedha za kioo kizima, amekwisha kukopa na kujipanga, nawe ukakuta ni waya tu. Mwambie ni waya, umtoze waya na ufundi wako. Kifaa cha zamani mrudishie mkononi, akione. Picha na barua zilizomo ndani ya mashine ni amana. Jaribu kioo kwa rangi tupu, usifungue mafaili ya watu. Usichokijua sema hukijui, umwelekeze kwa fundi mwingine.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na akujaalie subira ya kupima kabla ya kukata shauri.

Wassalaam,
Babu yako,
Bagamoyo