Sindano ya Siri



Wako dada zetu, hapa Malindi na kule Kilifi, wanaodungwa sindano ya miezi mitatu na kadi ya kliniki wanaiacha kwa jirani ili mume asiione. Sitawataja.

Ukisikia Mkatoliki amekatazwa vidonge na kondomu, unacheka. Ngoja kwanza. Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wa Humanae Vitae mwaka wa 1968, mwaka mmoja baada ya serikali yetu kuanza mpango wa uzazi. Hakusema mzae kila mwaka. Wenye sababu nzito wanaweza kupumzika, ila kwa kuhesabu siku za mke. Siku za kushika mimba, mume anangoja. Kadinali Otunga alishikilia mafundisho hayo hadi akachoma kondomu hadharani Nairobi, 1996. (Wakati ule ukimwi unatuzikia watu! Hapo simfuati.)

Wala Onani wa Mwanzo 38 simsomi kama wao. Alimnyima marehemu ndugu yake uzao. Vidonge sivioni pale.

Lakini hesabu ya siku haiwezekani bila mume na mke kuzungumza. Hapo wametupita. Ndugu unayenena kwa lugha kila Jumapili, unajua mkeo anaogopa nini? 1 Wakorintho 7:5 inasema hata kujitenga kwa ajili ya maombi ni kwa mapatano. Isomeni pamoja leo usiku. Kisha muulize kama yuko tayari kwa mtoto mwingine, na umwache ajibu. Mkishindwa kuanza, Alhamisi niko kanisani. Njooni wawili.