Sukari Niliyoificha

Januari 2024 nilikuwa na sukari ndani, na nikawaambia wateja wangu kwamba imekwisha. Nina duka la rejareja hapa Ruaha Mbuyuni, na nimekaa kwenye biashara muda wa kutosha kujua kwamba kupandisha bei ni jambo moja na kuficha mzigo ni jambo jingine. Kupandisha bei mara nyingi hakuepukiki. Kuficha nilikufanya kwa kukusudia.

Chanzo cha uhaba wenyewe kilieleweka. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilinyesha bila kukatika. Huu Mto Ruaha Mkuu unaopita kwetu unateremka hadi Kidatu, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, na huko matope yaliwazuia watu kuvuna; hata miwa iliyovunwa ilikuwa na maji mengi na sukari kidogo. Viwanda vingine nchini navyo viliathirika. Kilo tuliyozoea kuiuza chini ya shilingi 3,000 ikawa inapanda kila gari la mzigo likifika. Tarehe 23 Januari Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja, kati ya 2,700 na 3,200 kutegemea mkoa. Muuzaji wa jumla niliyekuwa nikichukua kwake alikuwa ameshavuka hapo. Basi nami nikapata la kusema: nikiuza kwa bei ya serikali, mzigo ujao nitaununua kwa hela ipi?

Hoja hiyo ina ukweli, na sitaki kuwasingizia wenzangu. Mwenye duka aliyenunua mfuko wa kilo 50 kwa bei ya juu akauza kwa bei ya chini, mtaji wake unakatika, na mwezi unaofuata amefunga. Lakini mifuko yangu mimi niliinunua Desemba, kwa bei ya Desemba. Niliihamishia chumbani nikaifunika turubai, dukani nikawa natoa kidogo kidogo ili ionekane kama ndiyo ya mwisho.

Usiku nilikaa na mizani nikipima vifuko vya shilingi mia tano. Kilo moja ilitoa vifuko kumi na viwili, maana yake shilingi 6,000. Aliyekuja na hela ya kilo nzima nilimuuzia kwa 5,000. Kibarua wa mashamba ya vitunguu, anayelipwa jioni na kununua sukari ya chai ya kesho tu, alinilipa zaidi kuliko mwalimu mwenye mshahara. Hesabu hiyo niliijua wakati nafunga mafundo. Hakuna aliyenituma.

Kuna mama mmoja anayeuza chai na maandazi pale yanaposimama mabasi kabla ya kupanda mlima wa Kitonga. Alikuja asubuhi, nikamwamkia shikamoo vizuri, akaitikia marahaba, kisha nikamdanganya.

“Nipe hata nusu, mwanangu. Mabasi ya Dar yanakaribia kuingia.”

“Imekwisha, mama. Pita kesho, huenda gari likaja.”

Aliitazama mizani. Kwenye sahani yake kulikuwa na chembe za sukari ambazo sikuzifuta. Aliziona, nami nikaona kwamba ameziona. “Haya baba,” akasema, akaondoka. Siku za kawaida alichukua kwangu unga wa ngano, mafuta ya kula na hamira. Siku ile hakuchukua chochote.

Jambo hilo lilipaswa kunifundisha palepale, maana hata kibiashara nilikuwa najimaliza. Sukari haina faida kubwa. Kazi yake ni kumleta mtu dukani, naye akishafika anabeba majani ya chai, unga, sabuni, kiberiti. Tena mfuko wa mteja ni mmoja. Mwenye elfu tatu za siku, sukari ikimla elfu moja na mia tano, haongezewi nyingine na mwajiri wake. Anapunguza mafuta, anaahirisha sabuni, mtoto anakunywa uji usio na sukari. Majani ya chai yalinikalia kwenye shelfu, kwa sababu nani anunue majani bila sukari? Wakulima waliokuwa wakikopa wakisubiri vitunguu vitoke wakaanza kulipa nusunusu, wengine wakahamia duka jingine na daftari langu likabaki na majina yao.

Mwezi huohuo Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza mfumuko wa bei wa asilimia 3.0. Watu hapa walikasirika, wakaona wanadanganywa. Takwimu ile inakusanya bidhaa na huduma nyingi za nchi nzima kwa pamoja; kapu la muuza maandazi lina vitu vichache sana, na sukari ni kimojawapo cha vikubwa. Kwake mfumuko wa bei ulikuwa ni mimi.

Serikali iliruhusu sukari ya nje iingie. Mimi, kwa tamaa, nilikuwa nimeongeza mifuko mingine bei ikiwa juu kabisa, nikiilenga Ramadhani. Bei ikaanza kushuka mikononi mwangu. Hasara ile siilalamikii. Ninachojutia ni yule mama, ambaye bado hupita mbele ya duka langu akienda kununua kwingine, na ambaye nimemwomba radhi akanisamehe bila kurudi. Ana haki.

Sheria ya Fedha ya 2024 iliupa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mamlaka ya kununua, kuagiza na kuhifadhi sukari kwa ajili ya kuziba pengo. Wenzangu wengi hawaipendi hatua hiyo, wanasema serikali isishindane na wafanyabiashara. Mimi naiunga mkono. Januari ile, kwa baadhi ya kaya za mtaa wangu, akiba pekee ya sukari iliyokuwa karibu ilikuwa chini ya turubai langu, na mwenye ufunguo nilikuwa mimi.