Upepo Ushukao Milimani Usiku

Msafiri atokaye Goma kwenda Sake hufuata njia ya kilometa 25 hivi, juu ya mawe meusi yaliyomwagwa zamani na milima ya moto. Kushoto kwake liko Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kuume, nyuma kidogo, umesimama Nyiragongo, wenye mita 3,470. Mbele yake inapanda milima ya Masisi, yenye malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe. Ni nchi nzuri, na katika nchi hiyo tulijifunza jambo moja linalofaa kujulikana katika kila jamaa.

Tulifika huko wakati wa kiangazi, tukapokewa na mzee mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya mteremko, karibu na ziwa. Mchana kutwa upepo ulikuwa ukitoka ziwani na kupanda milimani. Jua lilipotua, ukanyamaza. Ndipo tulipoona moshi wa majiko ya mlimani: badala ya kupaa juu, ulikuwa ukitambaa kando ya mteremko na kulala bondeni kama shuka nyeupe. Baada ya saa moja hivi tulisikia baridi mgongoni. Upepo ulikuwa umegeuka, nao sasa ulitoka mlimani. Tulidhani mvua inakuja, lakini mbingu ilikuwa safi, imejaa nyota. Mzee akacheka, akatuambia kwamba huo ndio upepo wao wa kila usiku usio na mawingu.

Je, watoka wapi? Jua likiisha kuzama, udongo wa mlimani hupoteza joto lake upesi. Hewa inayougusa hupoa nayo, na hewa iliyopoa ni nzito kuliko hewa ya moto. Basi hutelemka kama maji: hufuata makorongo, hupita katikati ya migomba, hujaa mabondeni, hata kufika ziwani. Huko maji yamehifadhi joto la mchana; hewa iliyo juu yake huinuka, na ile ya mlimani huja kushika mahali pake. Asubuhi jua huchoma miteremko, na safari hugeuka tena.

Wavuvi wa Kivu wanaishi na upepo huo. Jioni hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa, na kwenda kutafuta sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Upepo wa nchi kavu huwasukuma mbali na pwani. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili huutazama mlima kabla ya kulitazama ziwa.

Upepo wa namna hii una ndugu zake wakali. Katika nchi ya barafu iliyo kusini kabisa mwa dunia, hewa hupoa juu ya uwanda mkubwa wa barafu, kisha huporomoka kuelekea baharini. Mwaka 1912 Douglas Mawson na wenzake walijenga nyumba yao Cape Denison, mahali ambapo upepo huo hupita. Walikuta dhoruba karibu kila siku, hata walilazimika kujifunza kutembea wameinama mbele. Upepo wa Kivu ni mpole ukilinganishwa na huo, lakini kanuni ni ile ile: kilicho kizito hutafuta mahali pa chini.

Na hapa, wasomaji, tunafikia neno kubwa. Katika sehemu hizo za Goma na Sake, hewa ya baridi si kitu pekee kinachotafuta mahali pa chini. Katika nyufa za mawe hutoka hewa nyingine, isiyo na rangi wala harufu, yenye uzito mara moja na nusu kuliko hewa tunayovuta. Wenyeji huiita mazuku. Nayo hujaa katika mashimo na vibonde, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Katika mashimo mengine hukaa hata mchana. Mtu mzima aweza kusimama, kichwa chake kikiwa juu yake, huku mbuzi au mtoto aliye miguuni pake akikosa pumzi na kufa.

Mzee alituonyesha shimo moja ambalo watoto wake wamekatazwa kulikaribia. Wageni ndio wasiojua. Nao wamekuwa wengi, kwa maana tangu mwaka 1994, wakimbizi walipopiga kambi Mugunga, njia hiyo imeona watu wengi wakitafuta mahali pa kulala.

Basi, enyi wazazi, msilaze watoto katika kibonde, hata kama kinawakinga na upepo. Mkimwona mtu au mnyama ameanguka shimoni, msirukie kumtoa, maana wengi wamekufa wakiwafuata wenzao. Iteni watu, mtafute kamba. Wala msitumaini taa: hata ikiwaka, si alama ya usalama.

Jioni, tazameni moshi wa jiko lenu. Unakokwenda kulala, msilale.